Sitini na Sita: Taya Linavyojifunza Meno Mapya

Mhadhara uliotolewa mbele ya wastaafu na jamaa zao katika ukumbi wa parokia, Ntinda, Kampala. Umechapishwa karibu kama ulivyosemwa.

 

Mwenyekiti aliponialika aliniomba nizungumze Kiswahili, akanipa sababu mbili. Ya kwanza, tangu Baraza la Mawaziri liamue Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi, tumekuwa tukikisifu kwa Kiingereza. Ya pili, humu ndani yupo mzee wa Arua, yupo mama wa Goma, yupo askari mstaafu wa Gulu na mwalimu aliyevuka kutoka Kisumu zamani akasahau kurudi, na sote tunaunganishwa na kitu kimoja zaidi ya lugha. Mapengo. (Kicheko.)

Mimi si daktari. Ni fundi wa meno bandia. Nilisomea kazi hii Mulago, nikakaa kwenye benchi la nta na plasta miaka 30 na ushei, mpaka mgongo uliponiambia basi. Katika miaka yote hiyo niliwaambia watu, "Mtazoea, mtazoea." Nilisema kama anavyosema kondakta wa matatu kwamba gari linaondoka sasa hivi. Kisha nilipofika miaka 66 yakaning'oka ya mwisho, nikavaa seti kamili, juu na chini, iliyotengenezwa na kijana niliyemfundisha kwa mkono wangu, kwa hiyo hata wa kumlaumu sikuwa naye. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa sijui maana ya neno lile "mtazoea". Nani anazoea? Anazoea nini? Kwa muda gani? Kusudi la mazungumzo ya leo ni kujibu maswali hayo matatu. Nitayajibu kwa hoja tano, na mkiniona nimekwama kwenye moja kuliko nyingine, mjue nimekwama makusudi.

Lakini kwanza tulisafishe jina. Hapa Uganda ukitaja meno ya uongo, watu wengine hufikiri unasema ebiino: ile imani kwamba mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, dawa ni kumpasua ufizi na kutoa chipukizi za chonge ambazo bado hazijaota. Jens Pindborg, mtaalamu wa Denmark, aliandika habari za desturi hii ya Uganda mwaka 1969, na bado haijaisha. Si tiba. Ni jeraha, na watoto wamekufa kwalo. Bibi yeyote aliye humu akishauriwa hivyo kuhusu mjukuu, ampeleke mtoto kituo cha afya akatibiwe kuharisha. Ninayoyazungumzia mimi ni meno ya kuvaa na kuvua, yaliyobandikwa kwenye sahani ya plastiki ngumu, akriliki, ambayo imetumika kwa kazi hii tangu mwaka 1937. Tuyaite meno bandia, tuendelee.

Hoja ya kwanza: anayetafuna ni msuli

Tuanze kwa mikono. Kila mmoja aweke vidole viwili kwenye panja, hapa kando ya jicho. Kidole gumba kikae kwenye pembe ya taya, chini ya sikio. Sasa kazeni meno. Wasio nayo wabane fizi, hakuna anayewatazama. Achieni. Kazeni tena.

Mmehisi kitu kinavimba kama chura aliyeshtuka? Cha chini, kwenye pembe ya taya, ni msuli ambao madaktari huuita maseta. Wa panja huitwa temporalisi. Upo na mwingine upande wa ndani wa taya, pterigoidi, ambao kidole hakiufikii, na chini ya kidevu kuna misuli midogo ya kufungua kinywa. Hao ndio wafanyakazi. Meno ni majembe tu.

Mtu mzima mwenye magego yake hukaza kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 50, na wako wanaofika 70. Mvishe seti kamili ya meno bandia, na nguvu hiyo hushuka hadi robo, au hata moja ya tano. Katika kusaga chakula pengo ni kubwa zaidi: Kapur na Soman, watafiti waliochapisha vipimo vyao mwaka 1964, walikuta kwamba mvaaji wa seti kamili husaga kwa ufanisi usiofika moja ya sita ya mtu mwenye meno yake. Nawaambia haya mapema ili asitokee mtu wa kuwauzia ndoto ya kurudi kijana. Ukiambiwa utavunja mifupa ya kuku, uliza bei kisha uondoke.

Kwa nini nguvu ishuke hivyo, na misuli ni ile ile? Kwa sababu jino la asili halikupigiliwa kwenye mfupa kama msumari. Limening'inizwa kwa nyuzi nyingi ndogo zinazozunguka mzizi wake, kama kitanda cha kamba. Ukizitandaza nyuzi za meno yote ya taya moja, eneo lake ni kama sentimita za mraba 45. Meno bandia ya juu hukalia ufizi wenye eneo la kama 23. Ya chini, 12. Hizo ni sentimita tatu kwa nne, ndogo kuliko picha ya pasipoti! Na ufizi haukuumbwa kubebeshwa mzigo. Maseta akikaza, ufizi unalia, na ubongo unamwambia maseta apunguze. Anatii. Akitii miaka, anakonda: mwaka 1993 Newton na wenzake walipima misuli hii kwa picha za eksirei za tabaka tabaka, wakakuta kwamba kwa watu wasio na meno ni myembamba kuliko kwa wenye meno.

Kwa hiyo kibogoyo aliyekaa miaka minane bila kitu kinywani, halafu akavaa meno leo, anamwamsha mfanyakazi aliyekuwa likizo ndefu. Asimpe gunia zima siku ya kwanza.

Hoja ya pili: kushika ni kazi mpya kabisa

Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokatia tamaa wakayatupa meno kwenye droo pamoja na betri zilizokwisha.

Sahani ya juu ina bahati. Inafunika kaakaa lote, na mate yaliyo kati yake na kaakaa huivuta kama maji yanavyogandisha vioo viwili. Wengi hushika ya juu ndani ya siku chache. Ya chini haina kaakaa la kufunika. Ina umbo la kwato ya farasi, imezungukwa na ulimi kwa ndani na mashavu na midomo kwa nje, na chini yake ufizi ni mwembamba na unateleza. Hakuna gundi ya mate inayotosha kuishika. Inashikwa na misuli.

Mnasikia? Misuli ambayo maisha yako yote kazi yake ilikuwa kusukuma chakula, sasa inatakiwa kusukuma chakula na wakati huo huo kushikilia sahani. Ni kama mama anayepika matoke mtoto akiwa mgongoni. Mapishi ni yale yale, lakini kila kuinama kumebadilika.

Mkubwa wao ni msuli wa shavu. Jina lake la Kilatini maana yake ni mpiga tarumbeta, kwa sababu ndio unaobana mashavu mtu anapopuliza. Pwani ningewaambia ni msuli wa mpiga siwa. Hapa Buganda ni msuli wa wapiga makondere wa Kabaka. Jaribuni kupuliza makondere bila chombo. Naam. Mnahisi shavu linabana magego kwa nje? Kwa mvaaji aliyezoea, shavu hilo hulalia ukuta wa sahani na kuibana chini, na ulimi hufanya vivyo hivyo kwa ndani. Wilfred Fish, Mwingereza, alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1933: kwamba ule upande wa sahani unaong'aa, usiogusa ufizi wala chakula, si pambo, ni mahali pa misuli kushikia. Miaka 40 baadaye, mwaka 1973, Wamarekani wawili, Beresin na Schiesser, waliandika kitabu kizima juu ya ule ukanda ambamo msukumo wa ulimi na msukumo wa shavu hulingana. Fundi akiyapanga meno ndani ya ukanda huo, misuli inayashika. Akiyapanga nje, kwa kutaka tabasamu pana la picha ya arusi, kila neno na kila tonge litayarusha.

Nina mfano wa kale. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja. Daktari wake John Greenwood alimchongea meno kwa pembe za kiboko, mnyama wetu huyu mnayemwona kule Murchison akipiga miayo. Sahani ya juu na ya chini ziliunganishwa kwa springi zilizokuwa zikizisukuma zisidondoke. Sasa fikirini kazi ya maseta wa mzee yule: springi zinafungua, yeye anafunga, asubuhi hadi usiku, hata akiwa amenyamaza. Mkitazama picha zake mtaona mdomo umekazwa. Watu husema ni ukali wa jemadari. Mimi fundi naona uchovu wa misuli.

Ulimi nao una tabia yake. Mtu akipata kitu kigeni kinywani, ulimi hurudi nyuma kujificha, kama konokono. Ukirudi nyuma, sahani ya chini inabaki bila mlinzi, mate na hewa hupita chini yake, inaelea. Dawa yake haina gharama: ncha ya ulimi iguse kwa upole nyuma ya meno ya mbele ya chini, ikae hapo wakati wote usipozungumza wala kula. Mke wangu alikuwa akinitazama usoni wiki ya kwanza na kuniuliza, "Ulimi uko wapi?" Wajukuu wakaufanya wimbo.

Hoja ya tatu: kilichoondoka na jino ni habari

Hii nitaipita haraka. Zile nyuzi zilizoning'iniza jino zilikuwa na neva. Kwa neva hizo, mtu mwenye meno anahisi kitu chembamba kama elfu 20 za sehemu ya milioni ya mita... (Samahani, nimekosea. Ni sehemu 20 za milioni moja ya mita. Asante, mwalimu.) Unywele ni mnene kuliko hapo mara tatu au nne. Ndiyo maana chembe moja ya mchanga kwenye mchicha inakushtua. Jino likitoka, neva hizo zinaondoka nalo, na mvaaji wa seti kamili huhisi kitu kikifika unene wa kama mara tano ya ule.

Kwa hiyo ubongo unaongoza misuli katika ukungu. Unategemea habari za ufizi, za kiungo cha taya na za misuli yenyewe, na lazima ujifunze kuzisoma upya. Juu ya hayo, sahani ya juu imefunika kaakaa, ambalo ndilo lililokuwa likikuonya juu ya moto na miiba. Chai yangu ya kwanza na meno mapya niliiona vuguvugu, nikaivuta kwa raha. Koo ndilo lililoniambia ukweli. Na ngege wa ziwani, wenzangu, chambueni kwa vidole. Msiuachie mwiba utafutwe na kinywa kisichoona.

Hoja ya nne: muda una hesabu yake

Vitabu vya taaluma yetu hutaja wiki sita hadi nane kwa misuli ya kutafuna kujenga mwenendo mpya. Wiki, si siku. Na ni wiki za kuvaa. Alinijia mzee mmoja, dereva mstaafu, analalamika kwamba wiki tatu zimepita na meno yanamkataa. Nikamuuliza anayavaa lini. Akasema, "Jumapili, kwenda kanisani." Misuli yake ilikuwa imehudhuria shule siku tatu.

Siku za mwanzo kinywa hujaa mate, kwa sababu ubongo unadhani umepewa chakula. Unameza, unameza, chakula hakiishi. Siku chache baadaye ubongo unashtuka kwamba umedanganywa na mate hupungua. Wengine hupata kichefuchefu kwa sababu ya ncha ya nyuma ya sahani ya juu. Wengi wao hutulia wakivuta pumzi polepole kwa pua. Mashavu huchoka jioni, na panja huuma kidogo kama miguu ya mtu aliyepanda kilima cha Naguru baada ya mwaka wa kukaa. Unaweza kuyang'ata mashavu yako mwenyewe mara moja mbili. Yote hayo ni shule.

Chakula kinafuata shule hiyo. Wiki ya kwanza Mungu ametupendelea sisi wa Buganda: matoke yaliyopondwa, mchuzi wa karanga, uji. Lakini hata matoke yana somo lake. Usiweke tonge upande mmoja. Gawa tonge dogo, nusu kulia, nusu kushoto, utafune pande zote mbili kwa pamoja, polepole, taya likipanda na kushuka badala ya kuzunguka. Ukitafuna upande mmoja, upande wa pili wa sahani unainuka kama bembea ya watoto. Jambo hili misuli hailipendi, kwa sababu karibu kila mtu ana upande wake anaoupenda tangu utoto. Mimi ni wa kulia. Ilinichukua mwezi kumshawishi maseta wa kushoto kwamba na yeye ameajiriwa.

Wiki ya tatu na ya nne njoo kwenye samaki, mayai, viazi, wali. Nyama iliyopikwa ikaiva, ikatwe vipande vya ukubwa wa punje ya hindi. Muchomo, ile nyama ya kuchoma, ungoje. Na rolex, ile chapati iliyokunjiwa mayai? Najua mtauliza, maana kila kona ya Ntinda kuna kijana na kikaango chake. Rolex si ngumu, tatizo ni namna tunavyoila: tunaing'ata kwa meno ya mbele na kuivuta. Kwa meno bandia, kuvuta huko kunang'oa sahani ya juu nyuma, hewa inaingia, inadondoka. Omba kisu. Kijana atacheka, nawe ucheke, kisha ukate. Ukilazimika kung'ata, ng'ata kwa pembe ya mdomo, kwenye chonge, ukisukuma chakula kwa ndani badala ya kukivuta nje. Mahindi ya kuchoma yapukuchue kwa mkono. Mtu wa nsenene, wale panzi wa Novemba, ajue kwamba vimiguu hupenda kuingia chini ya sahani ya chini, na mguu wa nsenene chini ya sahani unauma kuliko sindano. Nasema kwa ushahidi.

Sasa usemi. Sauti ya s hupita kwenye mfereji mwembamba kati ya ncha ya ulimi na sehemu ya mbele ya kaakaa. Umeweka sahani pale, mfereji umebadilika, unapiga mluzi. Madaktari wa Uingereza na Marekani humwambia mgonjwa ahesabu kwa Kiingereza kuanzia 60 kwenda mbele, kwa sababu namba hizo zimejaa s. Kwa Luganda zoezi hilo linakwama mlangoni: 66 ni nkaaga mu mukaaga, k na g tupu. Kiswahili kimetusaidia. Semeni pamoja nami: sitini na sita. Sitini na saba. Sabini na sita. Mnaona s inavyokwenda na kurudi? Kwa f na v, ambapo mdomo wa chini unagusa ncha za meno ya juu, jaribu fedha za vifaa vya wavuvi. Kwa th ulimi hutokeza kati ya meno, na hapo sisi wa Kampala tumezoea kukwepa: tunasema samani tukitaka thamani. Mteja wangu mmoja alinishukuru kwamba meno yake yana samani kubwa. Nilimwangalia kinywani kama kuna kabati. (Kicheko.)

Soma kwa sauti dakika kumi kila jioni, gazeti, Biblia, Kurani, risiti za dukani, chochote. Ulimi na midomo ikikosea chumbani haimwaibishi mtu.

Usiku yavue. Ufizi unahitaji kupumua, na sahani isiyovuliwa huotesha ukungu unaolifanya kaakaa liwe jekundu. Yaweke kwenye maji ili plastiki isikauke na kupinda, na mbali na paka.

Hoja ya tano: yako ambayo msuli haupaswi kuyazoea

Hapa nasema na mafundi wenzangu waliokaa safu ya nyuma wakidhani sijawaona. Neno "utazoea" limekuwa pazia la kazi mbovu.

Ugeni huzoeleka. Kidonda hakizoeleki. Ukiona mahali pamoja panauma pale pale, pekundu au peupe, sahani inakandamiza. Rudi kwa aliyekutengenezea, na siku moja kabla ya kwenda yavae, hata yakiuma, ili alama ionekane apige tupa pale panapostahili. Usichukue msasa wala kiwembe ukafanya mwenyewe. Nimeletewa sahani zilizochongwa kwa kisu cha jikoni hadi zikafanana na ganda la ndizi.

La pili ni urefu. Taya likipumzika, meno ya juu na ya chini hayagusani; kunabaki nafasi ya milimita mbili hadi nne. Fumbeni midomo mseme "mama", kisha mlegee. Hapo ndipo msuli unapopumzika, na sisi hupima kutoka alama ya puani hadi ya kidevuni tukiwa tumemwambia mgonjwa aseme hivyo hivyo. Fundi akiyafanya meno marefu mno akala ile nafasi, misuli haipati mapumziko mchana kutwa: panja linauma, meno yanagongana kama vikombe mtu anapozungumza, ufizi unawaka. Akiyafanya mafupi mno, kidevu kinapanda kuelekea pua, pembe za midomo zinajikunja, zinalowa mate na kupasuka. Kosa la namna hii halimalizwi na wiki nane wala miezi minane. Linamalizwa benchini.

La tatu linawahusu waliovaa seti moja miaka 15. Magego yamesagika, taya limejifunza kusogea mbele kutafuta mahali pa kukutana, na misuli imeandika njia hiyo ikaikariri. Unakuja unamtengenezea seti mpya, sahihi kwa kila kipimo, naye anaikataa. Vijana humwita mkorofi. Msuli wake una kumbukumbu, na mtu wa miaka 80 hufuta kumbukumbu polepole kuliko wa 50. Busara ni kunakili umbo la nje la ile ya zamani, mashavu na ulimi vikute kuta vinazozijua, kisha urekebishe urefu na upande wa ufizi kidogo kidogo.

Na ufizi wenyewe haungoji. Antje Tallgren alifuatilia wavaaji kwa miaka 25, akachapisha mwaka 1972: mfupa wa taya unaendelea kupungua mwaka hadi mwaka, kwa kasi zaidi mwaka wa kwanza baada ya kung'olewa, na taya la chini hupoteza kama mara nne ya la juu. Kwa hiyo aliyeng'oa meno yake mwezi uliopita asishangae sahani ikilegea kabla ya mwaka kwisha. Msuli haujasahau. Sakafu imeshuka, na sahani inahitaji kujazwa upya.

Tunakoelekea

Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Montreal, Kanada, walikubaliana kwamba kwa mtu asiye na jino hata moja taya la chini, chaguo la kwanza liwe sahani inayoshikizwa na vipandikizi viwili vya titani mfupani, mbele, palipokuwa na chonge. Vipandikizi viwili tu, na ile kazi ya kushika niliyoieleza kwa nusu saa inaondolewa misuli, ikabaki na kutafuna. Kampala vinawekwa. Bei yake ndiyo ambayo pensheni zetu haziifikii, na nafikiri hilo ni jambo la kuwapelekea wabunge wetu kwa maandishi, si la kunung'unikia kwenye chai.

Wakati tunangoja, yapo yanayowezekana Ntinda hii hii. Mafundi watoe karatasi moja ya maelekezo pamoja na meno, kwa Luganda na kwa Kiswahili, yenye tarehe ya kurudi siku ya pili, wiki ya kwanza na wiki ya nane. Watunza wazee nyumbani wafundishwe kumkumbusha mtu ulimi ukae wapi. Nimeanza kuiandika karatasi hiyo, na mwalimu wa Kisumu amekubali kunisahihishia, baada ya kunisahihisha hesabu.

Jambo la mwisho. Mlangoni watu watatu waliniambia kwamba wanapokea seti zao wiki ijayo. Sitawataja, ingawa mmoja anainamisha kichwa. Mwenyekiti, naomba utupe ukumbi huu tena baada ya wiki nane. Hao watatu watakaa viti vya mbele, watatuhesabia kuanzia sitini hadi sabini bila kukohoa, kisha kila mmoja atapewa kipande cha gonja, ndizi ya kuchoma, nusu kulia, nusu kushoto. Mimi nitakuja na tupa mfukoni.